Pembejeo na mavuno ya viazi mviringo kwa mkulima mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu kutoka kwa wakulima wa viazi mviringo wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa Njombe, Makete, Mbeya Vijijini na Rungwe. Majibu yamelenga mtu anayelima robo ekari hadi ekari tatu kwa jembe la mkono na kwa fedha zake mwenyewe. Vipimo ni vya ekari moja, isipokuwa pale tuliposema vingine.

## Mambo ya msingi

1. Ekari moja ya viazi inapaswa kutoa kiasi gani?

Wakulima wadogo wengi, Tanzania na hata Kenya, huvuna tani 3 hadi 4 kwa ekari. Ardhi hiyohiyo na mvua hiyohiyo, ikipata mbegu safi, mbolea ya kutosha na kinga ya ugonjwa wa ukungu kwa wakati, inaweza kutoa tani 8 na zaidi. Maswali yote yanayofuata yanahusu pengo hilo.

Usihesabu mavuno kwa magunia. Gunia la lumbesa halina uzito unaoeleweka, na mkulima anayesema "nimepata gunia 40" huenda amevuna zaidi au pungufu ya jirani mwenye 50. Pima kwa kilo. Siku chache kabla ya kuvuna, chagua sehemu ya shamba iliyo ya wastani, pima matuta 4 kwa urefu wa mita 10, chimba viazi vyote na uvipime kwenye mizani. Kama matuta yameachana sentimita 75, hilo ni eneo la mita za mraba 30. Zidisha kilo ulizopata kwa 135. Ukipata kilo 30, ekari yako inatoa takribani tani 4. Rudia sehemu mbili tatu, kwa kuwa bondeni na mlimani havilingani, kisha andika namba hiyo kwenye daftari. Bila namba hiyo huwezi kujua mwakani kama mbolea uliyoongeza imelipa.

2. Jirani yangu anatumia mbolea ileile niliyotumia mimi, mbona anavuna mara mbili?

Mara nyingi tofauti haiko kwenye mfuko wa mbolea. Angalia mambo haya kwa mpangilio huu: mbegu yake imetoka wapi, shamba lake lilipumzika na viazi kwa misimu mingapi, alipanda tarehe gani, alianza kupuliza dawa ya ukungu lini, na mashina mangapi yamesimama shambani kwake.

Hilo la mwisho husahaulika. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya matuta na 30 kati ya shina na shina, ekari inabeba mashina kama 18,000. Tembea kwenye tuta moja na uhesabu mapengo. Shamba ambalo shina moja katika kila manne halikuota limeshapoteza sehemu kubwa ya mavuno kabla ya palizi ya kwanza, na mbolea iliyowekwa kwenye mapengo imelisha magugu.

3. Pesa haitoshi kununua pembejeo zote. Nianze na ipi?

Anza kwa kupunguza eneo. Nusu ekari iliyopata mbegu safi, mbolea kamili na dawa kwa wakati hukupa mavuno yanayokaribia au kuzidi ya ekari nzima iliyopata kila kitu nusunusu, huku kazi ya kulima, kupalilia na kuvuna ikipungua. Ushauri huu haupendwi, kwa kuwa eneo kubwa linaonekana kama utajiri, lakini ndio wenye faida ya haraka kuliko yote yaliyo hapa.

Ukishapunguza eneo, weka fedha kwanza kwenye mbegu, pili kwenye dawa ya ukungu kama unalima masika, tatu kwenye mbolea. Wengi hufanya kinyume: wananunua mbolea kwanza, halafu wanapanda masalia ya viazi vya kula. Mbegu yenye virusi haiwezi kutumia mbolea hiyo, na shamba lililoungua kwa ukungu wiki ya saba halitaifikia. Pembejeo hizi zinategemeana. Ikikosekana moja, fedha ya nyingine inapotea.

## Mbegu

4. Ekari moja inahitaji mbegu kiasi gani?

Kilo 800 hadi 1,000, kwa kiazi chenye ukubwa wa yai la kuku, yaani gramu 40 hadi 60. Mbegu kubwa kuliko hapo inaongeza gharama bila kuongeza mavuno kwa kiwango hichohicho. Ndogo sana inatoa shina dhaifu, hasa mvua ikichelewa.

Kwa kuwa mbegu ni nzito hivyo, ndiyo inayomeza fedha nyingi kuliko pembejeo zote, na ndiyo sababu watu huikwepa. Njia ya kupunguza mzigo huo iko kwenye swali la 7.

5. Kwa nini mbegu yangu "inachoka"?

Kiazi unachopanda ni kipande cha mmea mama, kwa hiyo kila ugonjwa uliokuwa ndani ya mama unaingia kwa mtoto. Virusi vinavyoenezwa na vidukari hujikusanya msimu baada ya msimu. Majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya kijani na njano, mmea unadumaa, na viazi vinazidi kuwa vidogo. Hakuna dawa ya kuponya virusi ndani ya kiazi.

Desturi zetu huharakisha uchovu huo. Wakati wa kuvuna tunauza vikubwa, tunakula vya kati, na vidogo ndivyo vinavyobaki kuwa mbegu. Mmea wenye virusi ndio unaotoa vidogo vingi. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukusudia, tunachagua mimea iliyo wagonjwa zaidi kuwa wazazi wa msimu ujao.

6. Mbegu iliyothibitishwa inapatikana wapi, na nitaijuaje?

Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kituo cha TARI Uyole kilichopo Mbeya, ndiyo chanzo kikuu cha mbegu mama kwa ukanda huu, na wapo wazalishaji binafsi Njombe, Iringa na Mbeya. Ukaguzi unafanywa na Taasisi ya Uthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI. Mfuko wa mbegu iliyothibitishwa una lebo ya TOSCI. Mtu anayekuambia "hii imethibitishwa" huku akikupimia kwa debe kutoka kwenye lundo, mwombe akuonyeshe lebo.

Ipo pia mbegu ya daraja la kuazimiwa, inayozalishwa na wakulima waliofundishwa na kusajiliwa, kisha ikauzwa katika maeneo ya karibu. Kwa mkulima mdogo hii mara nyingi ndiyo njia ya kweli: bei iko chini, na unaweza kwenda kuliona shamba lenyewe kabla halijavunwa. Nenda ukalione. Shamba la mbegu lenye mimea inayonyauka likupe jibu papo hapo, hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Agiza mapema. Mbegu safi huisha miezi miwili mitatu kabla ya mvua.

7. Sina uwezo wa kununua kilo 1,000 za mbegu safi. Nifanye nini?

Nunua kilo 100 hadi 125 tu na uzizalishe mwenyewe. Kiasi hicho kinatosha sehemu moja ya nane ya ekari, na kitalu kizuri kinarudisha kama mara nane ya kilichopandwa, yaani mbegu ya ekari nzima msimu unaofuata. Kitalu kiwe mahali ambapo viazi, nyanya au biringanya hazijalimwa kwa miaka kadhaa, juu ya mashamba mengine ya viazi ili maji ya mvua yasikishushie magonjwa. Msimu ujao rudia na kilo 100 nyingine. Gharama ya mbegu inageuka kuwa ya kila mwaka na ndogo, badala ya pigo kubwa la mara moja.

Kama hata hizo hazipatikani, chagua mimea bora ndani ya shamba lako. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, mmea unapokaribia kutoa maua na kabla majani hayajafunga nafasi. Chukua fito ndogo, pita tuta kwa tuta, na chomeka fito kando ya kila mmea wenye majani mapana yasiyo na mabaka wala mikunjo, mashina manene, na majirani wazima pande zote. Rudi baada ya wiki mbili: uliochomekewa fito na sasa unaonyesha ugonjwa, ng'oa fito yake. Siku ya kuvuna, anza na yenye fito, mmea mmoja mmoja kwa mkono. Mmea wenye viazi vingi vyenye umbo zuri unabaki kuwa mbegu. Wenye vichache au vilivyooza unaenda jikoni au unatupwa. Njia hii haisafishi mbegu iliyochakaa kabisa, lakini inazuia kuchakaa na huongeza mavuno kwa gharama ya fito tu.

8. Naweza kukata kiazi kikubwa vipande ili mbegu itoshe?

Katika maeneo yetu, hapana. Kisu kimoja kilichopita kwenye kiazi chenye ugonjwa wa mnyauko (swali la 19) kinaambukiza vinavyofuata, na kidonda kibichi kwenye udongo wa mvua kinaoza. Panda kiazi kizima.

9. Mbegu yangu haijachipua na mvua imeanza. Nipande hivyohivyo?

Usipande. Kiazi kisicho na machipukizi kitakaa ardhini wiki kadhaa, kitaota bila usawa, na kingine kitaoza. Aina nyingi huhitaji miezi miwili hadi mitatu ya kulala baada ya kuvunwa. Shangi, inayotawala mashamba ya Kenya, hulala muda mfupi sana, na hiyo ni sababu moja ya kupendwa na wanaolima misimu miwili kwa mwaka.

Ukitaka kuharakisha, weka mbegu mahali penye giza na joto kidogo, ukiifunika kwa nyasi kavu au magunia yanayopitisha hewa, na ukiikagua kila siku chache. Machipukizi yakianza kutokeza, ihamishie kwenye mwanga hafifu yakomae. Unatafuta kiazi chenye machipukizi matatu manne mafupi, manene, ya rangi ya kijani au zambarau, urefu wa sentimita 1 hadi 2. Chipukizi moja refu jeupe linamaanisha mbegu ilikaa gizani mno na itatoa shina moja tu.

Mahali pazuri pa kuitunza ni kibanda chenye rafu za mianzi, paa la nyasi, na kuta zinazopitisha mwanga na upepo lakini si jua kali. Tandaza safu mbili au tatu za viazi tu. Vitageuka kijani, na kwa mbegu hilo ni jema (kwa chakula, tazama swali la 22).

10. Nichague aina gani?

Kikondo na Arka zina soko la muda mrefu na akina mama wengi wanazijua kwa kupika. Asante, Sherekea na Meru ziliruhusiwa rasmi Tanzania mwaka 2012. Sherekea inavumilia ukungu vizuri, faida kubwa kwa anayelima masika bila fedha nyingi za dawa. Sagitta, yenye asili ya Uholanzi, inapendwa na wauza chipsi, ila inadai pembejeo kamili.

Uliza soko kabla ya kupanda. Ukipata aina inayozaa sana ambayo dalali wako haitaki, hujapata kitu.

## Udongo na mbolea

11. Niweke mifuko mingapi ya mbolea?

Mwongozo unaotumika sana ni kilo 200 za DAP kwa ekari wakati wa kupanda, yaani mifuko 4 ya kilo 50, kisha mfuko mmoja au miwili ya CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, wakati wa palizi na kuinulia udongo. Kwa mkono, kilo 200 zikigawanywa kwa mashina 18,000 ni gramu 11 kwa kila shina: vifuniko viwili vya soda vilivyojaa. Kama unamwaga kwenye mfereji, ni kama gramu 37 kwa kila mita. Nyunyiza, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbolea ikigusa chipukizi inaliunguza.

Lakini soma namba zilizo kwenye mfuko. DAP ni 18:46:0, yaani asilimia ya naitrojeni, fosfeti na potashi kwa mpangilio huo. Kilo 200 zinakupa kilo 36 za naitrojeni, 92 za fosfeti, na sifuri ya potashi. Mifuko 4 ya NPK 17:17:17 inakupa kilo 34 za kila kirutubisho. Viazi hula potashi kuliko kirutubisho kingine chochote, na kila gunia linalopanda lori kwenda Dar es Salaam linaondoka na potashi ya shamba lako. Shamba lililolimwa viazi kwa DAP peke yake miaka kumi limekuwa likitoa potashi bila kurudishiwa. Ukiona majani ya chini yanageuka njano na kukauka kuanzia kingoni, na viazi havijazi, hapo pa kutazama. Samadi na majivu yanasaidia. NPK yenye potashi inasaidia zaidi.

12. Je, nipime udongo kwanza? Na chokaa ina kazi gani?

Ndiyo, angalau mara moja kila baada ya miaka michache. Viazi vinapenda pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, ya kati ya 5 na 6.5. Mashamba mengi ya mvua nyingi yako chini ya hapo, na udongo wa volkano wa Uporoto na Rungwe una tabia ya kushikilia fosfeti usiiachie mmea. Katika udongo wenye asidi kali unaweza kuweka mifuko minne ya DAP ukapata faida ya miwili.

Chokaa ya kilimo inarekebisha asidi. Imwagwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na ichanganywe na udongo, kwa kipimo kilichotolewa na maabara. Ukizidisha, pH inapanda na viazi vinapata upele kwenye ngozi, visivyopendeza sokoni. Mahali pazuri pa kuiweka ni msimu wa mahindi au maharage unaotangulia viazi.

13. Nina samadi ya kutosha. Bado nahitaji mbolea ya dukani?

Kwa kawaida ndiyo, ila kidogo. Samadi iliyoiva inalegeza udongo, inashika maji na inaleta potashi, lakini kiasi ambacho kaya yenye ng'ombe wawili inaweza kukusanya hakitoshi ekari nzima. Weka samadi kwenye mfereji pamoja na nusu ya kipimo cha mbolea, na ulinganishe matuta machache kwa njia ya swali la 1. Samadi mbichi usiitumie: inaunguza na huleta funza na magugu. Na usiweke zizini maganda na viazi vilivyooza kwa mnyauko, kwani utaurudisha ugonjwa shambani kwa mkono wako.

14. Majani yamestawi sana lakini viazi ni vidogo. Kosa ni nini?

Naitrojeni imezidi au imekuja kwa kuchelewa. Mmea uliolishwa urea nyingi wiki ya saba au ya nane unaendelea kuota majani badala ya kujaza viazi, na majani hayo laini mengi yanafunga unyevu unaoleta ukungu. CAN au urea iishe kuwekwa wakati wa kuinulia udongo. Joto pia lina mchango wake: usiku ukizidi nyuzi 20, viazi vinaumbika kwa shida, na ndiyo maana zao hili linakaa milimani.

15. Mbolea ya maji ya kupulizia kwenye majani inaweza kuchukua nafasi ya mbolea ya kupandia?

Hapana. Chupa ya lita moja haina naitrojeni, fosfeti wala potashi ya kuzalisha tani za viazi. Inaweza kusaidia palipo na upungufu wa kirutubisho kidogo kama zinki au boroni. Kama una fedha ya kitu kimoja, nunua mfuko.

16. Nitajikingaje na mbolea au dawa bandia?

Nunua kwenye duka lililosajiliwa, dai risiti, na usinunue mbolea iliyofunguliwa na kupimwa kwa bakuli. Angalia mshono wa mfuko kama umerudiwa na upime uzito. Mbolea ya ruzuku, ambayo Tanzania iliianza upya msimu wa 2022/2023, inahitaji uwe umejisajili kupitia ofisi ya kijiji; kagua taarifa zako mapema, hasa ukubwa wa shamba na namba ya simu, kwani foleni ikishaanza marekebisho yanachukua muda ambao mvua haiusubiri.

## Magonjwa

17. Nianze lini kupuliza dawa ya ukungu?

Kabla hujauona. Ukungu wa viazi, unaoitwa kitaalamu bakajani chelewa, hupenda baridi, mvua na ukungu wa asubuhi, yaani hali ya hewa ya Njombe na Uporoto kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwanza ni doa la rangi ya maji yaliyochafuka kwenye ncha ya jani. Geuza jani asubuhi na utaona utando mweupe kuzunguka doa. Siku chache baadaye tuta zima ni jeusi na linanuka.

Dawa za kinga, kama zenye mankozebu, hufanya kazi juu ya jani safi. Anza mimea ikiwa na urefu wa kiganja na urudie kila siku 7 hadi 14, ukikaribisha zamu mvua inapozidi. Dawa zinazoingia ndani ya mmea, kama mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu, zitunze kwa wiki za hatari kubwa, na usizirudie mfululizo: ugonjwa huzizoea. Badilisha kiambato, siyo jina la biashara. Chupa mbili zenye rangi tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile.

18. Nilipuliza kila wiki na shamba likaungua. Kwa nini?

Sababu za kawaida ni kuanza kwa kuchelewa, kutumia kiambato kimoja msimu mzima, kupunguza kipimo ili dawa itoshe, mvua kunyesha mara baada ya kupuliza, na kupuliza juu ya majani tu. Ukungu huanzia upande wa chini. Nozeli iliyochakaa inatoa matone makubwa yanayodondoka chini badala ya kushika jani. Kubadilisha nozeli ni gharama ndogo kuliko pakiti moja ya dawa.

Kuchanganya dawa tatu nne ndani ya bomba moja "ili ziwe na nguvu" ni kosa jingine. Baadhi huharibiana, na zote zinakudhuru wewe. Vaa gwanda, buti, glovu na barakoa, usipulize kuelekea upepo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

19. Mimea inanyauka mchana ikiwa bado kijani. Je, ni ukame?

Kama udongo una unyevu, huenda ni mnyauko bakteria, adui mbaya kuliko wote. Kipimo chake unaweza kukifanya jikoni. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kama urefu wa kidole, na ukining'inize kwenye glasi angavu yenye maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni mnyauko, uzi mweupe kama maziwa utashuka kutoka kwenye shina. Kiazi nacho, ukikikata, kina pete ya kahawia inayotoa usaha ukikibana, na udongo huganda kwenye macho yake.

Hakuna dawa ya duka la pembejeo inayoutibu, na anayekuuzia moja anakuibia. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake na udongo unaouzunguka, utoe nje ya shamba, na osha jembe na buti. Usiweke hata kiazi kimoja cha shamba hilo kama mbegu, pamoja na vile vya mimea iliyoonekana mizima. Jambo ambalo wengi hawalijui: milimani kwenye baridi, kiazi kinaweza kubeba bakteria bila dalili yoyote. Kikipandwa sehemu yenye joto zaidi, shamba zima linanyauka. Mbegu nzuri kwa macho kutoka Makete siyo lazima iwe salama.

20. Nina nusu ekari tu. Nitabadilishaje mazao?

Gawa vipande vitatu na viazi viwe kwenye kimoja tu kila msimu, vingine viwe mahindi, ngano, maharage, kabichi au vitunguu. Nyanya, biringanya, pilipili na mnavu ni ndugu wa viazi na hubeba magonjwa yaleyale, kwa hiyo hazihesabiwi kama kubadilisha. Maotea ya viazi, yaani vinavyojiotea vyenyewe kutoka msimu uliopita, ndani ya mahindi yang'olewe yote. Mzunguko wa miaka mitatu wenye maotea haujazungusha kitu.

Hoja kwamba viazi ndivyo pekee vinavyoleta fedha ni ya kweli, na ndiyo inayofanya swali hili kuwa gumu kuliko yote. Lakini shamba likishaingiwa na mnyauko, fedha hiyo inaisha yenyewe.

## Maji, ardhi, mikopo na soko

21. Masika au vinyungu, wapi kuna mavuno zaidi?

Viazi vinahitaji milimita 500 hadi 700 za maji kwa msimu, na kiu huumiza zaidi wakati viazi vinaumbika na kujaa, kuanzia karibu na kutoa maua. Masika maji yapo ila ukungu pia upo. Kiangazi vinyunguni, yaani kwenye mashamba ya bondeni, ukungu unapungua, gharama za dawa zinashuka na bei huwa nzuri, lakini ukikosa kumwagilia wiki mbili viazi vinapasuka au kuwa na umbo baya. Bonde pia hupokea maji ya mashamba yote ya juu, yakiwa na mnyauko wao. Kwa anayeanza, kitalu cha mbegu kisiwe bondeni.

22. Kuinulia udongo kuna umuhimu gani?

Viazi huota juu ya mbegu, siyo chini yake. Inulia mara ya kwanza mimea ikiwa na sentimita 15 hadi 20, na mara ya pili wiki mbili tatu baadaye. Tuta refu linaongeza nafasi ya viazi, linakinga dhidi ya nondo wa viazi na ukungu unaoshuka kutoka kwenye majani, na linazuia jua. Kiazi kilichopigwa na jua kinageuka kijani na kuwa na sumu ya solanini. Kisiliwe wala kupewa mifugo.

23. Nalima shamba la kukodi. Kuna haja ya kuwekeza kwenye udongo wake?

Chokaa, samadi na mzunguko wa mazao hulipa baada ya miaka, wakati mkataba wa msimu mmoja unakufundisha kuchuma na kuondoka. Hii ni sababu halisi ya mavuno madogo, na haiondolewi na elimu ya mbolea. Jaribu kukubaliana miaka mitatu kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hata kwa eneo dogo. Kabla ya kulipa, uliza majirani kama shamba limewahi kunyauka. Wanawake wengi wako kwenye hali hiihii ndani ya ardhi ya familia: wanalima, lakini uamuzi wa kipande gani kipumzike si wao. Kaya ikikaa pamoja kupanga vipande, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 20, jambo hili linahusika moja kwa moja na kilo zitakazovunwa.

24. Dalali ananipa mbolea na dawa kwa mali kauli, nimlipe kwa viazi. Nikubali?

Andika kwanza: mbolea hiyo dukani ni shilingi ngapi, na gunia utakalomlipa litakuwa na uzito gani. Mara nyingi deni linaonekana dogo kwa sababu limehesabiwa kwa gunia la lumbesa. Sheria ya vipimo nchini inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Kenya iliweka kilo 50 kwa kanuni zake za viazi za mwaka 2019. Mkulima anayetoa kilo 130 na kulipwa za 100 amepoteza karibu robo ya mavuno yaliyomgharimu mbegu, mbolea na dawa, na ndiyo iliyokuwa fedha ya pembejeo za msimu ujao.

Njia iliyo salama zaidi ni kuweka fedha ya mbegu kwenye VICOBA au kikundi siku ileile unapouza, kabla ada na harusi hazijaifikia.

## Mambo ya pekee

25. Barafu imeunguza shamba Makete. Ling'olewe?

Subiri siku kadhaa. Kama mashina ya chini bado kijani, mmea huchipua tena, ingawa utachelewa. Kama ulikuwa umeshapita wiki ya kumi, chimba mashina mawili uone: viazi vikiwa na ukubwa wa kuuzika, kata majani yaliyokufa, acha ardhini wiki mbili ngozi ikomae, kisha vuna.

26. Naweza kupanda viazi katikati ya miparachichi michanga?

Wengi Njombe wanafanya hivyo miaka ya mwanzo ili shamba liingize fedha mti ukikua. Tatizo ni kwamba ukungu wa udongoni uitwao vetisilia hushambulia viazi na nyanya, na pia mparachichi, na hukaa ardhini miaka mingi. Kuinulia udongo nako kunakata mizizi ya juujuu ambayo mti unaitegemea. Karibu na mti panda maharage. Kama ni lazima viazi viwepo, acha angalau mita moja na nusu kutoka kwenye shina, panda mbegu safi tu, na usirudie viazi msimu unaofuata kwenye mistari hiyohiyo.